Umeme wa Gari la Baba

Kaka Rodel,

Pole na bahari. Hapa Iloilo mvua imechoka, mimi bado. Kuku wa mama ameangua vifaranga tisa.

Mwezi jana nilifunga alternata kubwa ya kuzalisha umeme wa nyumbani kwenye jipi la marehemu baba, hapahapa uani, na nyaya nene kama kidole gumba. Jirani yetu Mzee Isko akapiga kelele, “Marivic, utatuunguzia mtaa!”

“Shika tochi, mzee. Maneno weka mfukoni.”

Kuwasha, taa zikasinzia. Nilikuwa nimeusahau waya mwembamba wa zamani, wa kutoka injini hadi bodi ya gari. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Nikaweka mnene hapo pia, taa zikawaka kama za harusi. Tangu siku hiyo ananiita fundi.

Wiki iliyopita kimbunga kilikata umeme siku nne. Mashine ya mama ya kupumulia ikategemea gari. Siku ya tatu akaja mnunuzi uliyemtuma kuchukua gari.

“Kaka yako ameshaliuza,” akasema.

Nikamwonyesha waya unaotoka kwenye jipi na kupita dirishani hadi kitandani kwa mama. “Haya, uchomoe mwenyewe.”

Aliondoka kwa miguu.

Mdogo wako,
Fundi Marivic