Ukifa, Unapisha

3 Machi

Wifi yangu,

Nakusalimu kwa sababu nimelelewa vizuri. Natumaini kifua kimepona na ule mguu hauvimbi tena. Sisi hatujambo. Kaka yako yuko kibandani kwake, amezungukwa na televisheni za watu alizozifungua matumbo, anasema nisikuandikie nikiwa na hasira. Nimemwambia basi sitakuandikia mpaka nife.

Natumia karatasi kwa kuwa kwenye simu, kila nikifika kwenye jambo lenyewe, mtandao wako unakuwa mbovu.

Juzi amekuja mwalimu mmoja kupimwa suti. Akaiona mashine ya gemu kwenye meza yangu, akauliza kama nacheza Ufalme wa Chumvi. Nikamwambia nimecheza kabla hajaota ndevu. Akanionyesha kwenye simu yake ukurasa wa wachezaji wa mchezo huo wa kale. Wana orodha ya wagunduzi, nani aligundua nini tangu mchezo utoke. Nikasoma nambari arobaini na moja: Daraja la Kengele linavukwa bila kumuua mlinzi, simama mbele yake usiguse kitu mpaka kengele ilie mara saba, atasinzia. Mgunduzi: Mama Maabara.

Mama Maabara! Nani mwingine huyo kama si wewe na vichupa vyako vya damu?

Tukumbushane, wifi. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kuolewa katika nyumba yenu. Pedi ya kuchezea ilikuwa moja, na sheria uliniwekea wewe: shujaa akifia mikononi mwako, unampa mwenzako nafasi. Ukifa, unapisha. Siku ile nilikuwa mbele ya mlinzi, akaingia bibi harusi anataka pindo la gauni papo hapo. Nikaweka pedi chini, nikamwacha Shemeji amesimama. (Ndivyo tulivyomwita shujaa wetu, kwa kuwa alikuwa shemeji wa wote wawili.) Nikapiga pindo lote, kurudi, mlinzi anakoroma! Hakuna mtu mwingine aliyewahi kusimama pale muda wote ule, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anapiga pindo. Nikapiga kelele kwa furaha, nawe ukaninyang'anya pedi: "Umeacha mchezo, kuacha ni kufa, pisha!"

Ulipohamishwa kazi ukabeba na kadi ya kumbukumbu, Shemeji akiwa ndani. Hilo nilikuachia. Lakini jina langu hapana. Liandike pale. Usipoliandika, utanijua mimi ni nani.

Wifi yako wa cherehani

19 Machi

Wifi wa cherehani,

Mguu umepona, kifua kinakohoa kikijisikia. Watoto wangu nawasalimu, na kaka yangu mwambie anywe maji. Barua yako nimeisomea kazini, katikati ya vichupa vya damu, nikacheka mpaka daktari akauliza nimekuta nini kwenye hadubini.

Sasa sikiliza. Wewe ulimkuta mlinzi amelala, basi. Nani alihesabu kengele? Nani alirudi akasimama pale mara tatu? Sisi maabara jambo likitokea mara moja tunaliita bahati. Wewe hata hukujua kengele zililia ngapi, ulikuwa umejaza pini mdomoni. Na aliyevuka daraja ni mimi.

Shemeji yuko salama. Ana deraya ya chumvi nyeusi, ana panga saba, anayo na ile pete iliyotutoa jasho mwaka mzima. Kila Jumamosi namwasha nampitisha mjini apunge upepo. Kadi yenyewe ni ya zamani, haikubali kunakiliwa, kwa hiyo nimeifunga kwenye pamba kama yai. Analelewa, usijali.

Jina haliondoki. Ukitaka lako, gundua chako.

Wifi yako wa maabara

30 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Habari za kazi, habari za kifua? Huku wote wazima, mdogo ameota meno mawili kwa mpigo na anatung'ata bila kuchagua.

Nimepoa. Kaka yako amenisema sana, na nilipofikiri nikaona kweli, kengele ulizihesabu wewe. Yaishe.

Nimeanza shujaa mpya. Nimejiwekea nadhiri asiue hata panya; upanga haujatoka alani tangu siku ya kwanza. Wifi, mchezo unakuwa mwingine kabisa! Mbwa mwitu wa msituni ukimgeuzia mgongo ukatembea taratibu, anakusindikiza tu mpaka barabarani. Ukikimbia ndiyo anakula. Yule mchawi wa mnara, ambaye sisi tulimvunjia mlango kila mara, nilimpigia hodi. Akafungua! Akauliza, "Umekuja kufanya nini?" Halafu akabaki ananitazama, maana nadhani aliyetunga mchezo hakutegemea kama kuna mtu angepiga hodi. Tukasimama pale, mimi na mchawi, hakuna mwenye neno. Nilicheka nikamtoboa mteja kwa sindano.

Lakini kubwa nakupa wewe kwanza. Kile kisima cha kijiji cha kwanza, ambacho kitu ukikitupa hakirudi: nilitupa jiwe, nikatupa mkate, nikaona mwanga chini, ukazimika. Nikatupa na koti, mwanga ukakaa zaidi. Nadhani kinataka shujaa aliyejaa. Atupe kila kitu, deraya, panga, pete, mpaka viatu, kisha akalale nyumba ya wageni ili mchezo ujihifadhi. Akiamka nina hakika atakuta ngazi ya kushukia. Wangu bado maskini, itanichukua mwaka kufika huko. Wewe unaye Shemeji.

Ukifanikiwa, andika jina lolote unalotaka. Mimi nimeshasamehe.

Wifi yako wa cherehani

14 Mei

Wifi,

Leo sina salamu. Nimetupa vyote. Nimemlaza, ameamka, kisima ni kisima tu. Niliwaalika watu wa ukurasa watazame nikifanya, walikuwepo mia mbili na zaidi. Niambie nimekosea wapi. Haraka, tafadhali.

Wifi yako

22 Mei

Wifi yangu wa maabara,

Salamu tele. Natumaini barua hii inakukuta mzima, tena umekaa, tena umeshika kitu.

Hujakosea popote. Ulifanya kila kitu sawasawa. Hakuna mwanga, hakuna ngazi, hakuna chochote mle kisimani. Yote niliyatunga nikiwa napiga pasi suruali ya askari, na nilipomaliza mguu wa pili hadithi ilikuwa imekamilika. Mbwa mwitu ni kweli, mchawi ni kweli, hayo niliyaweka ili uongo upate pa kukaa. Ninyi wa kupima mara tatu! Nilijua kitu hiki hutakipima hata mara moja, maana kilikuwa na jina lako juu yake.

Unaumia? Umia. Pete ile niliipata mimi, nina homa, nimejifunika khanga mbili, na wewe ukaivaa kwenye kadi yako ukaondoka nayo. Shemeji tulimlea wawili. Kama si wa wawili, basi asiwe wa mtu.

Leo nimekula nikashiba, nikalala usingizi wa mchana. Kaka yako amejua, na tangu juzi anaongea na televisheni tu.

Ukifa, unapisha. Sheria ni yako. Pisha.

Wifi yako wa cherehani

2 Agosti

Wifi,

Za siku nyingi. Barua ya Juni hukujibu, ya Julai pia. Kaka yako anasema simu yake unapokea, unauliza watoto, unakata.

Usifikiri naomba radhi. Bado nina haki yangu.

Nilitaka tu kukwambia kwamba shujaa wangu asiyeua amefika Daraja la Kengele. Nikamsimamisha mbele ya mlinzi, nikahesabu, kweli ni saba. Akasinzia. Nikajikuta nimekumbatia pedi kifuani kwa mikono miwili, natazama pembeni nani anakuja kuninyang'anya. Hapakuwa na mtu, wifi. Mlinzi akaamka, na mimi sijavuka.

Kile kifua umekwenda kukionyesha? Unafanya kazi hospitali, usije ukafa kwa uvivu.

Wifi yako

11 Oktoba

Wifi wa cherehani,

Kifua nimepewa dawa, kimetulia. Wewe mgongo wako vipi? Usiiname sana.

Nilikununia, na mpaka leo nimenuna, ndiyo nianze kwa hilo. Watu mia mbili walinicheka. Walinibandika jina la Mama Kisima, na kila nikiandika kitu kwenye ukurasa kuna mmoja ananiuliza kama nimeshatoka. Wiki nzima nilikuwa nawachoma wagonjwa sindano kwa hasira. Nililia pia, nakwambia wazi. Miaka kumi na minne ya mtu wangu.

Mwezi mmoja sikugusa mashine. Halafu Jumamosi moja nikamwasha nimwone tu. Kasimama pale na kaptula moja, hana viatu, hana kitu. Nikaona aibu kumtazama. Nikasema nimpeleke akafie mbali. Nikampeleka Bonde la Wanyang'anyi, wale tuliowaua mimi na wewe kila tulipopita, na kila mchezaji huwaua, kwa kuwa wanaanza wao.

Wakamzunguka. Nikaweka pedi chini, nikakunja mikono, nikasubiri. Wakamsachi, wakakosa. Mkubwa wao akasema maneno ambayo sijawahi kuyasoma popote: "Huyu ameshaibiwa." Basi. Mmoja akamfunika blanketi, wakamchukua hadi kambini kwao.

Wifi, kambi ile haimo kwenye ramani yoyote. Kuna moto, kuna watoto wa wale wanyang'anyi, wanacheza, na wewe ulikuwa ukilimiminia mishale bonde lile! Kuna mpishi, anampa Shemeji mwiko wa kukorogea, anamwambia, "Anza na huu." Nikapima, maana safari hii nilikuwa na akili zangu. Shujaa mpya aliyebaki na viatu, wakamuua. Aliyebaki na mkate tu, wakamuua. Asiye na kitu kabisa, wakamfunika blanketi. Kisha nikarudi kwa Shemeji, na mwezi wote wa Septemba nikacheza kwa mwiko. Mfalme wa Chumvi amekufa kwa mwiko wa utosi, wifi. Nilisimama juu ya kochi.

Sasa sikiliza kisasi changu.

Nimeipeleka kwa msimamizi wa ukurasa. Nambari mia moja na sita: Kambi ya Bonde, tupa kila kitu kisimani, lala, nenda bondeni mtupu. Mgunduzi: Fundi Pindo. Huyo ni wewe. Wazo la kumvua shujaa kila kitu lilikuwa lako, sivyo? Wachezaji wameijaribu kila kona, wanakusifu mpaka wanachosha. Wanauliza huyu mama alikuwa anafikiria nini. Nimewaambia wakuulize wewe mwenyewe, na maswali wamekuachia hapo, yanakusubiri.

Ulitaka jina lako liandikwe, limeandikwa. Kila ukilisoma utakumbuka siku ile ulikuwa unamfanyia nani, na nini.

La daraja sibadilishi.

Wifi yako wa maabara

29 Oktoba

Wifi,

Sisi wazima, mgongo unauma palepale.

Mwalimu wa suti alikuja mbio na simu yake mkononi, hata suti akasahau kuichukua. Wateja waliokuwepo wakanipigia makofi. Nilisema asante, nikaingia ndani nikakaa kitandani na futi yangu ya kupimia shingoni. Chakula changu cha mchana nikampa kaka yako.

Nimeyasoma maswali yote. Nimejibu mara moja tu, nikawaandikia ukweli: kwamba nilikuwa namfanyia wifi yangu ubaya, kwamba kisima nilikitunga, kwamba kambi ameipata yeye na mimi sijawahi hata kuiona. Wamedhani natania. Sasa wananisifu na kwa ucheshi pia. Mmoja ameandika kwamba wifi yangu ana bahati kuwa na mtu kama mimi.

Umeniweza. Wiki mbili nakaa kwenye cherehani natafuta neno la kukurudishia, neno kali, nami unanijua sikosagi maneno. Kila nikilipata, nalifumua kama pindo baya. Nikisoma pale yule mnyang'anyi aliposema "Huyu ameshaibiwa" macho yanaingia maji, na ni mimi niliyemwibia.

Kaka yako amefurahi tunaandikiana, akaleta pedi ya pili ameitengeneza mwenyewe. Nimemwambia airudishe kibandani. Tunatumia moja. Nimeiweka mezani juu ya vitambaa, siigusi, na anayeigusa ananijua. Sikutumii kwa kifurushi. Mwenye zamu anakuja mwenyewe anakaa. Njoo na kadi kwenye pamba yake, nimwone Shemeji na mwiko wake, unionyeshe hiyo kambi. Kuhusu daraja tutagombana ukifika.

Nimekufa, wifi. Nimekupisha.

Wifi yako