Kumtafuta Fiston kwa Mashine ya Samaki

Jumatatu, 4 Mei
Nimetoka kazini saa tisa, moja kwa moja ziwani Farsta, huku ughaibuni. Ndiyo desturi yangu tangu barafu iyeyuke. Nimezunguka ufuo mzima. Hakuna kitu. Fiston, mdogo wangu, alizama Machi. Wazamiaji walitafuta siku kadhaa wakaacha. Maji ni meusi.

Mama kapiga simu kutoka Bukavu. Bila kaburi, matanga hayaanuliwi. Wanawake bado wanalala chini sebuleni kwake. “Mutoto yangu, nitaliya mpaka wakati gani?”

Jumatano, 6 Mei
Nimenunua mashine ya kutafutia samaki. Otieno, Mkenya wa kanisani kwetu, kaniazima mashua yake yenye mota ndogo ya umeme. Anadhani nakwenda kuvua. Muuzaji naye kanitakia samaki wakubwa. Nikamshukuru.

Ijumaa, 8 Mei
Nimefunga kihisi cha mashine, kile kinachopima chini ya maji, chini ya mota kwa kibano cha chuma, uso wake ukitazama kilindini. Waya nimeupandisha juu, nikaubana kila shubiri. Kazi safi, nikajisifu. Nilipogeuza mota kukata kona, waya ukakaza, ukang’oka kwenye plagi. Sikuuachia nafasi ya kuzunguka. Mjuaji mimi.

Na ni mimi niliyemwambia Fiston avuke ziwa kwa miguu. Mwaka jana Machi tulivuka wote, tukicheka. Kumbe kila mwaka na barafu yake. Sikuuliza mtu. Nimemuua kwa ujuaji. Sijathubutu kumwambia yeyote.

Jumamosi, 9 Mei
Otieno kaja kuunga waya. Kauliza natafuta samaki gani. Nikamwambia yote, hata la barafu. Mikono yake iliendelea na kazi. “Hapa uache ulegee kidogo, ndugu yangu,” akasema. Akaondoka bila kudai mashua yake. Nimelia kama mtoto.

Jumapili, 10 Mei
Sikuenda ibadani. Ziwa limetulia. Kwenye kioo cha mashine, mita sita, saba. Mawe. Gogo. Samaki tele, sikuwa na haja nao. Mita nane, umbo refu, limekunja magoti. Tulilala kitanda kimoja miaka kumi, najua anavyolala. Nimepita juu yake mara tatu. Halikusogea.

Polisi ilibidi waitwe. Mama ilibidi aambiwe, na la barafu pia. Nilizima mota, nikatia nanga pembeni, nikakaa naye kidogo kabla ya kupiga simu.