Tundu Nyuma ya Turbo

Jumatatu, 4 Agosti

Chai bila sukari. Dawa ya presha. Nimetoka nyumbani Mabatini saa mbili, kwa miguu kama kila siku, nimefika karakana ya Nyakato saa tatu kasoro robo. Zamani nilitumia dakika ishirini.

Kiti changu kimesogezwa. Kilikuwa kando ya injini. Leo nimekikuta ukutani, karibu na ndoo za maji machafu. Hakuna aliyekitoa kwa ubaya. Ilihitajika nafasi ya kompyuta ya Rehema.

Kwa miaka kumi na miwili injini za mashindano za Masanja nimezifungua na kuzifunga mimi. Yeye mwenye gari, yeye dereva. Siku za kawaida ana mashine za kukamua alizeti. Tangu Juni anazifunga Rehema, fundi wa miaka thelathini na miwili kutoka Dar es Salaam. Leo amekuja na geji mpya ya kupima joto la moshi, na kihisi chake, kijiti kama msumari wa inchi tatu kinachoingizwa ndani ya bomba la eksozi.

Petro, fundi wa rangi, akasema mzee, siku hizi injini inapimwa homa kama mtoto kliniki, wewe ulikuwa unaipapasa tu paji la uso. Wakacheka. Nami nikacheka.

Namwonea wivu yule binti. Nimeandika nipate kuliona neno lenyewe. Nina miaka sabini na saba na namwonea wivu mtu aliyezaliwa nikiwa na mvi.

Jumanne, 5 Agosti

Rehema amekuja nyumbani asubuhi. Nimemsikia akibisha, akimwamkia mke wangu shikamoo. Nikaingia chumbani, nikasimama nyuma ya pazia. Nikamwashiria Zuhura aseme nimelala.

Amekaa kwenye benchi karibu nusu saa. Kisha akaaga.

Zuhura alitaka kunieleza kilichomleta. Nimemwambia sitaki kusikia. Atakuwa alikuja kunionyesha vitu vyake. Nimeviona vya kutosha.

Alhamisi, 7 Agosti

Kihisi kimefungwa. Nimeinama kukiangalia na nusura nicheke kwa sauti.

Amekitia kwenye tundu langu la zamani. Mkono wa eksozi wa gari lile niliuchomelea mwenyewe: mabomba manne yanatoka kwenye injini, yanakutana kuwa moja, kisha turbo, kisha bomba la nyuma. Tundu lile liko kwenye bomba la nyuma. Nililitoboa zamani kwa ajili ya kupima moshi, si joto. Nikaliziba kwa boliti.

Moshi ukipita kwenye turbo unazungusha feni, na kinachofanya kazi hutumia nguvu. Unatokea upande wa pili ukiwa umepoteza nyuzi mia, mia na hamsini, mlimani hata mia mbili. Joto la kweli liko mbele, pale mabomba yanapokutana. Kupima nyuma ya turbo ni kumpima mgonjwa homa baada ya kumwogesha.

Geji imesoma mia saba na sitini. Rehema ameandika kwenye daftari lake, akapunguza mafuta kidogo. Mafuta yakipungua gari linakuwa jepesi na kali, na moshi unakuwa wa moto zaidi. Hatari inaanzia mia tisa. Yeye anaona ana nafasi. Hana.

Sikusema kitu. Nimerudi kwenye kiti changu ukutani nikiwa na furaha. Ndiyo, furaha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Karakana imefungwa. Nimesoma gazeti lote, hadi matangazo ya vifo.

Nimemkumbuka baba. Uvira, karakana yake ya malori ilikuwa hatua mia mbili kutoka Ziwa Tanganyika. Tulipovuka ziwa kukimbia vita nilikuwa na miaka kumi na saba na nilidhani tutarudi baada ya mavuno. Miaka kadhaa baadaye mtu wa kwetu alituletea habari: waliohamia pale waliikata meza ya kazi ya baba wakapikia. Ilikuwa ya mninga, na pembeni alichonga jina lake. Baba hakuuliza habari za nyumba. Aliuliza kama walimtafuta mtu yeyote wa kumuuliza kabla ya kukata.

Nilipopata karakana Nyakato niliweka sharti. Kazi yenye alama ya fundi aliye hai haikatwi mpaka aombwe. Unakwenda kwake asubuhi, unaomba, anasema ndiyo au hapana. Mafundi wa mtaa ule waliizoea. Wengine wanadhani ni mila ya Kisukuma. Ni meza ya baba.

Kunyamaza si uongo, nimejiambia leo mara tatu.

Jumapili, 10 Agosti

Wamelijaribu gari kwenye mlima wa vumbi nyuma ya viwanda. Nami nimepelekwa, kiti cha nyuma cha gari la Petro, kama bibi harusi.

Masanja amepanda mlima mara nne. Hajawahi kupanda kwa kasi ile akiwa na injini iliyofungwa na mimi. Lazima niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Aliposhuka alimkumbatia Rehema, kisha akanigeukia. Akaniambia mzee wangu usinune, hata ng'ombe dume huzeeka akabaki kuwatazama wenzake wakilima. Msukuma huyu ananipenda, na utani wake ni wa kupenda. Umeniingia kama mwiba.

Boneti ilipofunguliwa niliangalia mkono wa eksozi. Jua lilikuwa kali lakini niliona: palipo na alama yangu bomba lilikuwa la rangi ya chungwa. Lilipaswa kuwa jekundu la kiza. Geji ilikuwa imesoma mia saba themanini na kitu. Mimi nilisoma mia tisa na thelathini, kwa macho haya yenye mtoto wa jicho.

Mashindano ni Jumapili ijayo. Pale kuna mlima mrefu mara tatu ya huu. Turbo ikipasuka itamwaga oili juu ya bomba la moto, mbele ya miguu ya Masanja.

Najua. Nimekaa nalo hilo mchana kutwa. Na bado nataka aaibike.

Jumanne, 12 Agosti

Rehema amefungua plagi zote nne, akazipanga juu ya kitambaa. Ya tatu ilikuwa nyeupe kama mfupa, na juu yake vidoa vidogo vya kung'aa kama pilipili manga. Hivyo ni vipande vya pistoni. Ameiangalia muda mrefu. Kisha akaja nayo hadi kwenye kiti changu, akachuchumaa ili nisiinuke.

"Babu, hii unaionaje?"

Nimeigeuza mara mbili.

"Nzuri," nimesema.

Akanitazama kidogo. Akasema ahsante. Akarudi.

Juzi nilikuwa nimenyamaza. Leo nimesema uongo.

Alhamisi, 14 Agosti

Sikwenda. Magoti.

Si magoti.

Nimepanda bodaboda hadi Pasiansi, nikakaa kwenye mawe kutazama ziwa. Miaka sitini naliita lile la kwetu "ziwa" na hili "Viktoria", kama mtu anayemwita mke wa pili kwa jina lake kamili. Wanawake walikuwa wakianua dagaa. Mmoja aliniuliza kama namsubiri mtu. Nimesema hapana.

Pale karakana nilikuwa na mahali. Hapa mjini bado naulizwa kwetu ni wapi, lakini mbele ya injini iliyofunguliwa hakuna aliyewahi kuniuliza. Binti amekuja na kijiti na kompyuta, na nimehamishwa tena. Hilo ndilo linaloniuma, basi. Kufukuzwa mara ya pili, na safari hii kwa heshima, kwa shikamoo.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimerudi kutoka msikitini saa nane. Zuhura ametenga wali na sato, hakukaa kula. Amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Miaka hamsini na moja ya ndoa, najua maana ya mwiko ule.

Amesema sasa nitasikia nitake nisitake. Kwamba yule binti siku ile alikuja kuomba ruhusa. Amefundishwa na akina Petro kuwa kazi ya mzee haikatwi bila kuombwa. Alitaka kutoboa kwenye mkono wa eksozi, pale palipo na alama yangu. Alikuja na sukari kilo mbili. Ndiyo tuliyokuwa tunatia kwenye chai ya wageni wiki nzima.

Nimeuliza ilikuwaje hakuniambia. Amesema alijaribu mara mbili, nikanyanyua mkono kama hakimu.

Kwa hiyo hakukosea. Alikuwa anajua pa kutoboa kuliko wote waliomtangulia. Alitumia tundu langu la zamani kwa sababu ndilo pekee lisilohitaji ruhusa.

Samaki nimeshindwa kummaliza.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimepanda bodaboda nisichelewe. Gari lilikuwa linapakiwa kwenye lori. Nimemkuta Rehema anafunga kamba. Ameniamkia, nami sikuitika marahaba. Nilianza moja kwa moja nisije nikarudi nyuma.

"Tundu lile liko nyuma ya turbo. Mafuta uliyopunguza si salama. Nilijua tangu Alhamisi ile."

Ameendelea kukaza kamba hadi mwisho wake.

"Najua liko nyuma, babu. Kila nikisoma geji najumlisha mia."

"Mlimani haitoshi mia. Ni mia na hamsini na zaidi."

Hapo aliacha kamba. Nimeona anafanya hesabu. Uso wake ulibadilika.

"Plagi uliniambia nzuri," akasema.

"Nilisema uongo."

"Na siku ile nilipokuja kwako?"

"Sikuwa nimelala."

"Hilo nilijua. Vidole vya miguu vilionekana chini ya pazia." Hakuwa anacheka. "Lakini mkubwa akisema amelala, amelala."

Gari limeshushwa. Amefungua mkono wa eksozi, akaubana kwenye jiriwa. Nimeweka alama ya chaki mahali penyewe, karibu na turbo lakini kabla yake, moshi wa silinda zote nne ukiwa umekwisha kuchanganyika. Ni juu ya Y yangu. Y na K, herufi za majina yangu, nilizigonga kwa patasi mwaka nilioutengeneza, nikijiona mtu. Amenipa drili yenye msumeno wa mviringo kwanza. Nimemrudishia. Nimesema kata.

Amekata. Kipande kilichotoka ni cha mviringo, kidogo kuliko shilingi mia, na nusu ya Y juu yake. Amekitia kwenye kisanduku chake cha vifaa. Hakunipa. Sikuomba.

Nati imechomelewa, kihisi kikaingia, Masanja akapanda mlima kwa mafuta yale yale, Rehema kando yake, mimi nyuma yao. Kabla ya nusu ya mlima geji ilisoma mia tisa na arobaini, na inapanda. Rehema alimwashiria Masanja aachie mguu. Ameongeza mafuta kidogo kidogo hadi ikatulia mia nane na sitini. Tundu la nyuma limerudishiwa boliti yake.

Masanja aliuliza nini kimetokea. Rehema alianza kusema kihisi kilikuwa kimekaa vibaya. Nimemkatiza, nikaeleza mwenyewe, na plagi, na siku zote. Petro alikuwapo. Wote walikuwapo.

Masanja aliusogelea mlango wa dereva, akaushika.

"Mzee Yusufu," akasema. "Mimi ningekaa mle ndani."

Nimesema ndiyo. Hakutania. Ningependa angetania.

Jumapili, 17 Agosti

Sikualikwa kwenda. Nimesikiliza redio, hawakutangaza. Saa kumi jioni Petro amepiga simu. Wa tatu. Gari zima, dereva mzima. Mlimani Masanja alilalamika kuwa limepungua nguvu, wawili wakampita hapo hapo. Geji haikufika mia tisa.

Angekuwa wa kwanza kwa mafuta yale ya zamani. Au angeungua. Hatutajua, na nashukuru kwamba hatutajua.

Wivu haujaisha. Jana alipoona geji inapanda aliinua mkono kabla yangu. Mimi nilikuwa bado natafuta miwani.

Jumanne, 19 Agosti

Chai bila sukari. Dawa. Sikutoka, sijui kama nina pa kwenda, na sitaki kujua kwa kukuta kiti hakipo.

Saa nne mlango umebishwa. Nimetambua sauti. Rehema anataka kutoboa kwenye bomba la hewa, upande wa kuingilia, ambalo nalo ni langu, nalo lina alama.

Zuhura alinitazama, kisha akalitazama pazia.

Nimevaa kandambili. Nimekwenda kufungua mwenyewe.