Sufuria ya Msumarini

Pipeline, Nairobi, 4 Februari 2023

Kwako Nyanya Akech,

Hujambo? Goti linasemaje? Sisi tu wazima, ila maji ya huku ni ya kubahatisha.

Ni mimi Deeqa, binti ya Khadro, jirani yako wa zamani. Nimefikisha miaka kumi na minane na kuna kazi nimepata, lakini wanataka kitambulisho. Wenzangu wa shule walipeleka vyeti wakaenda zao. Mimi, kwa kuwa ni Msomali, nimeambiwa niende ofisi ya vitambulisho tarehe 20 na mtu asiye ndugu yetu, aliyekuwepo nikizaliwa. Mama anasema nitafute yeyote ila wewe. Kwa nini? Na ile sufuria ya kifuniko cha buluu, iliyotundikwa peke yake ukutani kwako, mbona tulikatazwa kuichezea?

Mjukuu wako,
Deeqa

Ziwani, Nairobi, 9 Februari

Mjukuu wangu,

Barua imenifikia kwa mkono wa Bwire, fundi wa viatu. Goti ni lile lile. Unaandika vizuri siku hizi. Zamani uliandika kwenye ukuta wangu.

Sufuria ni yenu. Mama yako akiwa sokoni, nilikupikia humo nyama aliyoileta mwenyewe, isichanganyike na mapishi yetu ya nguruwe.

Hilo lingine linaniuma. Mwaka ule wa msako, wewe ukiwa shuleni, polisi waliingia mtaani wakitafuta Wasomali. Khadro alibisha mlango wangu. Nilimsikia. Niliogopa, nikazima redio, sikufungua. Walimweka ndani siku nne, halafu mkahama kabla sijaomba radhi. Sijui nitamtazama kwa macho gani.

Nyanya yako,
Akech

Pipeline, 12 Februari

Nyanya,

Salamu. Nimekukasirikia, sikufichi. Lakini kuna kitu nataka kujua. Baada ya hayo yote, sufuria uliipeleka wapi?

Deeqa

Pipeline, 3 Julai

Nyanya mpenzi,

Umepoa baada ya foleni ile ya Februari? Kitambulisho kimetoka leo.

Hukunijibu, nikajua basi. Halafu tarehe 20 nakuona huyo getini, na kikapu chako cha kiondo. Afisa akakuuliza una ushahidi gani kwamba unatujua. Ukaitoa sufuria, ukaiweka juu ya mafaili yake, ukamwambia humo hajapikiwa mtu mwingine tangu tuhame. Kisha ukamweleza na habari ya mlango, Mama akisikia, foleni nzima ikisikia. Yule bwana aliandika neno moja tu, "Anawafahamu," akagonga muhuri.

Nyanya, naishukuru hii nchi, na bado nina hasira nayo. Ilinidai shahidi wa kuzaliwa kwangu mwenyewe, na shahidi ikanipa wewe, Mjaluo wa Ziwani. Kadi imeandikwa nimezaliwa Nairobi. Nimeisoma mpaka Mama akaninyang'anya, akaisoma yeye.

Kuhusu mlango, Mama amenunua nyama ya mbuzi, na Jumapili tunakuja huko. Anasema uiteremshe sufuria.

Mjukuu wako,
Deeqa