Kipara cha Salumu

Mtani wangu Salumu,

Kipimo cha mwanga cha mwanao nimekichagua mie. Peke yangu, kwa macho yangu haya haya, na fundi kamera wa Kariakoo akaniita profesa.

Haya, uongo. Fundi aliniita babu, akaniomba nisiegemee kabati lake la kioo. Lakini mtu aanzie wapi kumwandikia maiti? Kwenye ukweli?

Mwanaidi wako kapata harusi ya kupiga picha Madale. Harusi yake ya kwanza, na wenyewe wametaka apige kwa kamera yako ile ya filamu. Akaja kwangu Mtoni, shikamoo nyingi, kuulizia kipimo chako. Unajua kilikuwa kwangu. Siku ya matanga yako nilikinyakua mbele ya wafiwa, kama mtani anavyopaswa, nikasema Wazaramo hawakioni tena mpaka wakikomboe kwa jogoo. Watu wakacheka, hata mkeo alicheka kidogo. Jogoo hakuja, na mie nikanogewa. Nikakiweka dirishani wageni wakione. Jua likakichoma hapo siku zote hizo, na alipokuja kukichukua, sindano haitikisiki. Kipimo cha jua kimeuawa na jua, likisaidiwa na Mnyamwezi.

Niliona aibu, Salumu. Mie.

Ndipo nikamsindikiza Kariakoo. Fundi akatoa viwili. Kimoja kipya, namba zinawaka kama mzani wa bucha. Kingine kikuukuu, kimechubuka, cha sindano. Nikakamata kinachowaka. Mwanao akakigeuza huku na huku, akamuuliza fundi, "Kipara chake kiko wapi?"

Fundi akajishika kichwa. Tulicheka sie wawili tu, maana neno hilo ni la kwetu: kile kibonge cheupe cha plastiki, nusu mpira, kinachofunika jicho la kipimo, nilichokibatiza kipara kwa kukufananisha wewe. Mtoto kakua nalo akidhani ndiyo jina lake.

Akanieleza polepole, kama mie ndiye mwanafunzi, kwamba hicho kinachowaka kinapima mwanga unaoruka kutoka kwenye nguo, na shela jeupe litakihadaa. Akakiweka kile kikuukuu shavuni pangu, kipara kikitazama upande wa kamera. "Nguo inadanganya, baba mkubwa. Shavu halidanganyi."

Maneno yako hayo. Uliniambia mie, baada ya ile harusi ya Tandika niliyokuja kukusaidia, nikapima kanzu ya bwana harusi, picha zikatoka kanzu tupu, kichwa kiza. Ndugu zake walipokuja juu ukawaambia, "Nimepima mie." Mpaka leo Tandika wanajua aliyekosea ni wewe, na sijawahi kuwasahihisha. Ila palepale Kariakoo nilimwambia mwanao kuwa nilikosea mie. Akajibu alikuwa anajua. Kumbe ulimwambia, mnafiki wewe.

Akachukua cha sindano.

Picha za Madale zimetoka. Yupo bibi mmoja, nyanya yake bibi harusi, mweusi wa kung'aa, kakaa ubavuni mwa shela. Makunyanzi yake unayahesabu yote, na nyuzi za shela nazo unaziona. Nimezizungusha kijiwe kizima, nikiwaambia huyu ni mtoto wa mtani wangu, mmemwona? Hapo sikutia chumvi hata chembe. Haikuhitajika.

Kipimo chako nimemrudishia, kikiwa mfu, bila jogoo. Nakuahidi, cha kwenu sinyakui tena, isipokuwa ubwabwa.

Haya, lala, Mzaramo. Ila nakudai. Ile harusi ya Mabibo nilikushikia mwavuli mvua nzima, kipara chako kisilowe, mie nikarudi nyumbani nimelowa chapachapa. Sasa Ijumaa baada ya swala Mwanaidi ananipiga picha, ya kwanza ya peke yangu, maana wewe ulisemaga kesho, kesho, mpaka ukafa. Na siku hizi mawingu yanatanda mchana.

Uko karibu nayo. Yashike kidogo.

Mtani wako,
Maganga