Kadogo na Debe la Mchanga

Jumamosi, Julai 1995

Baridi tu. Jua halijaonekana hapa Shauri Moyo wiki nzima, na sweta yangu ya shule bado ni mbichi kambani.

Leo Kadogo alikuwa aondoke.

Ni paka wetu wa miaka mingi. Tulimpa jina hilo alipokuwa anaenea kiganjani. Mwezi huu ameanza kukojoa sakafuni. Jana Mama alikanyaga mkojo akiwa na soksi tu. "Nekesa, akirudia, kesho nampeleka sokoni Gikomba akawinde panya huko!" Kaka yangu Wafula akaongeza, "Hiyo paka iko na madharau tu. Imezeeka, inajiona landilodi."

Nilicheka nao, halafu nikajifungia chooni nikalia.

Asubuhi nikipiga deki, nikakuta amekojoa tena. Lakini si kitandani, wala si kwenye viatu vya Wafula (ambavyo vingestahili). Ni kando ya debe lake la mchanga la kujisaidia. Kila mara ni hapo hapo. Mwenye madharau angejisumbua kufika mpaka hapo?

Nikakaa kimya kumtazama. Baadaye akaja, akainua mguu hadi ukingo wa debe, akasita, akaushusha. Nikambonyeza nyonga taratibu. Akanitolea meno, yeye ambaye hajawahi.

Anaumwa.

Nilimweleza Mama kabla hajatafuta gunia. Alinitupia karai lililotoboka, fupi kuliko debe. Nikahamishia mchanga humo. Mchana Kadogo aliingia bila shida, akafukia vizuri kama zamani. Mama akamtazama sana. "Haya, akae. Lakini mchanga utaubadilisha wewe."

Jumatatu nikitoka shule nitatafuta daktari wa mifugo, nimuulize kuhusu hiyo nyonga.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Zamani Kadogo alikuwa analala juu ya kabati. Tangu baridi ianze analala mapajani mwangu, nami nikajua ananipenda kuliko wote. Nilitembea shuleni nikiwa na siri hiyo, nikitabasamu peke yangu.

Kumbe kabati limemshinda.

Jioni hii nimeweka stuli kando ya kabati, apande polepole. Ameitazama. Ameinusa.

Mimi nimekaa kitandani na blanketi mapajani, najifanya naandika. Akipanda kabatini, nitafurahi, kweli nitafurahi.

Na asipopanda, akaja kwangu?