Kifungu cha Nne

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Saa nane bodi ya chuo inakaa, na mimi nimeketi na rasimu mbele yangu. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, ingawa ulipolala barua hazifiki.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuchimba maji. Mto ukikauka tulishuka asubuhi, wewe na kibuyu, mimi na kata. Tulifukua mchanga mpaka shimo likanifika kiunoni, kisha ukasema, "Keti, ngoja. Maji haipendi haraka." Kwa maji hayo nilikua, nikasoma, nikaajiriwa chuo hiki cha ualimu, ng'ambo tu ya mto wetu.

Halafu malori yakaanza kuja kuzoa mchanga wa kujengea mjini. Ukingo ukaporomoka hadi karibu na mabweni. Mkuu wa chuo akataka sera ya mazingira, na mimi, mgeni kazini, nikapewa niiandike. Nilivimba kichwa, sikufichi. Kifungu cha nne nilikipiga taipu mwenyewe: ni marufuku mtu yeyote kuchimba mtoni. Niliwaza malori tu.

Wiki haikuisha, askari wa chuo wakakukuta shimoni. Walikunyang'anya jembe, wakakuleta ofisini. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya mkuu, kalamu mkononi. Hukulia.

"Lori ndio inamaliza mchanga," ulisema. "Kibuyu inamaliza nini?"

Mkuu akakusomea kifungu changu, neno kwa neno. Kisha akauliza, "Mama, kuna mtu anakujua hapa?"

Ulinitazama. Nilikuwa bado kazini kwa majaribio, nawe ulilijua hilo.

"Hakuna," ukajibu. "Hapa sijui mtu."

Nami nikanyamaza. Mkataa kwao ni mtumwa, Mwaitu, na siku ile nilikuwa mtumwa aliyevaa tai.

Walikuachilia kwa onyo. Tangu hapo ukawa unafuata maji mto wa mbali, hadi magoti yakakushinda. Nilikuletea dumu la maji ya bomba la chuo, ukawanywesha mbuzi, ukanimiminia chai na kuniuliza habari za watoto. Miaka yote hiyo sikukuuliza kama ulinikinga au ulinikana. Niliogopa jibu.

Leo sera inapitiwa upya. Mkuu anataka kifungu cha nne kibaki kilivyo, eti kimefanya kazi. Ni kweli, malori yamepungua, lakini akina mama bado wanafukuzwa na vibuyu vyao. Nataka kiruhusu wanaochota maji. Wenzangu wananionya nisimpinge mzee hadharani, nifikirie karo ya wanangu. Naogopa, Mwaitu, kuliko nilivyoogopa siku ile. Lakini nitasimama, na kabla sijataja mchanga nitawaambia kwamba yule mama aliyesema hajui mtu hapa ndiye aliyenizaa.

Pumzika sasa. Naenda.

Mimi,
kifungua mimba wako